Mtoto wa Bima na Mtoto wa Keshi

Saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mkewe kujifungua kwa upasuaji, Theonest aliitwa kwenye dirisha la bima aje aseme ni yupi kati ya mapacha wake aliyekuwa na bima.

Hospitali yenyewe ilikuwa Kawe: ghorofa nne, vioo vya bluu, na tangi la samaki pale mapokezi. Samaki walikuwa wanene na walionekana hawana tatizo lolote la kadi. Nyuma ya dirisha alikaa dada mmoja aitwaye Loveness, mpole, kucha ndefu, sauti ya mtu aliyefundishwa kutabasamu hata kwenye simu.

"Baba mapacha, hongera sana," alisema. "Mungu kawabariki kweli. Sasa kuna kaishu kadogo."

"Kaishu gani, sista?"

"Kadi ya mama inasoma vizuri. Upasuaji umepita, kitanda kimepita. Ila kifurushi chake ni Liwazo Shaba, na Shaba inalipia mtoto mmoja kwa kila uzazi. Nyie mmeleta wawili."

Theonest alicheka. Alikuwa seremala wa Manzese, fundi wa vitanda na makabati, na kwa kazi yake alizoea wateja wenye mizaha. Alipoona Loveness hacheki, naye akaacha.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uniambie ni yupi."

"Yupi nini?"

"Yupi ni wa bima. Mfumo unataka mtoto mmoja. Ikifika saa kumi jioni hujasema, unajifunga wenyewe, na ukijifunga wote wawili wanasoma keshi."

Katika jiji hili mfumo una cheo kikubwa kuliko daktari. Hakuna aliyewahi kuuona uso, hauamkiwi shikamoo wala hauhongwi soda. Unaambiwa tu kwamba umekataa, nawe unaondoka ukiuheshimu. Theonest aliuheshimu kwa muda, halafu akakumbuka jambo.

"Lakini tulijua ni mapacha tangu mimba ina miezi mitano. Mke wangu alimpigia yule kijana wa Liwazo aliyekuja kuwauzia kadi shuleni kwao. Akamwambia mapacha ni baraka, Liwazo inafurahi pamoja nasi."

"Na inafurahi kweli, kaka," Loveness alisema kwa huruma ya dhati. "Ila kufurahi na kulipia ni idara mbili."

Alimsogezea fomu. Ilianza hivi: *Mimi, mzazi, kwa hiari yangu mwenyewe na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nachagua mtoto ( ) A ( ) B.*

Theonest aliichukua akaenda nayo hadi kwenye chumba cha watoto njiti, ghorofa ya pili, akachungulia kwa kioo. Wanawe walikuwa wamezaliwa kabla ya wakati, wiki ya thelathini na mbili. Wa kwanza, Kakuru, alikuwa na kilo moja na nusu na alipumua mwenyewe, ngumi zake amezikunja kama anayedai kitu. Wa pili, Kato, alikuwa na kilo moja na robo, mpira wa oksijeni puani, na kifua chake kilipanda na kushuka haraka kama cha kifaranga. Daktari alikuwa amesema wa kwanza hana wasiwasi naye. Kuhusu wa pili alisema, "Tumwombee," na daktari akishaanza kutaja maombi, mzazi huelewa.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu wa darasa la saba. Kato angekaa zaidi kwenye mashine, kwa hiyo bili yake ingekuwa kubwa zaidi, kwa hiyo kadi apewe Kato. Theonest aliifanya hesabu hiyo mara tatu na mara zote jibu lilitoka lile lile. Saa tisa na dakika hamsini alirudi dirishani, akaweka tiki kwenye A, mtoto wa kwanza, akasaini, na kumwambia mkewe kwa simu kwamba mambo ya bima yameshughulikiwa.

* * *

Auleria aliruhusiwa kusimama siku ya tatu. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne kwenye shule ya binafsi huko Mbezi, mwanamke mrefu, na mshono ulimfanya atembee ameinama kama anayetafuta sindano sakafuni. Pembeni yake alitembea mama mkwe wake, Ma Demetria, aliyetoka Muleba siku mbili kabla, na ambaye katika kusafiri kwa basi la siku nzima hakuwa amepoteza kitu ila uvumilivu.

Kwenye chumba cha njiti waliyakuta makasha mawili ya kioo yamewekwa sambamba. Juu ya kila moja ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene. Moja ilisema BIMA. Nyingine ilisema KESHI.

Ma Demetria alisoma taratibu, kidole hewani.

"Waitu!" alishangaa kwa Kihaya. "Nani kampa mjukuu wangu jina la Keshi?"

"Siyo jina, bibi," nesi alimjibu. "Ni malipo."

"Mie ndiye nyanya yao. Kwetu mapacha majina yao yanajulikana hata kabla mimba haijatungwa. Aliyetangulia ni Kakuru, aliyefuata ni Kato. Huyo Keshi ni wa ukoo gani?"

Auleria alisogea karibu. Alitazama kasha la BIMA: blanketi jipya, dripu, taa inayowaka. Alitazama kasha la KESHI: dripu haikuwepo, na juu ya meza yake kulikuwa na karatasi ndogo yenye maneno *antibiotiki — tunasubiri malipo*.

"Dawa hii ilitakiwa aanze lini?" aliuliza.

Nesi alitazama saa ya ukutani ingawa jibu halikuwa hapo. "Jana saa kumi na mbili, mama. Tulimwambia baba. Kasema anatafuta."

* * *

Theonest alifika saa sita na pesa. Alikuwa ameuza randa yake ya umeme, ile iliyomfanya aitwe fundi badala ya kijana wa mbao, akaiuza kwa jirani yake wa karakana ambaye tangu zamani alikuwa akiitamani na sasa alimsikitikia kwa bei ya chini. Alilipa dirishani, dawa ikaanza, ndipo akapanda ghorofa ya pili. Alimkuta mkewe kwenye benchi la korido, fomu ikiwa mapajani mwake. Loveness alikuwa amempa nakala. Loveness hakuwa mtu mbaya, alimpa kila mtu nakala ya kila kitu.

"Hii saini ya nani?" Auleria aliuliza.

"Auleria, walinibana. Walisema saa kumi—"

"Nimesoma. Kwa hiari yako mwenyewe na bila kushurutishwa." Alikunja fomu mara mbili. "Sikuulizi kwa nini umesaini. Nakuuliza kwa nini umemwandika Kakuru. Anayehitaji kadi ni Kato. Hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angeliona hilo."

Theonest alikaa mwisho wa benchi. Alitazama mikono yake, ambayo siku ile haikuwa na vumbi la mbao.

"Niliogopa kadi isipotee."

"Ipotee vipi?"

"Nilisema kama mmoja ataondoka, kadi isiondoke naye."

Korido ilikuwa na kelele zake: kitoroli kikisukumwa, mtu akitafuta chaja. Auleria aliikunjua fomu, akaikunja tena.

"Kwa hiyo ulishamzika," alisema mwishowe.

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Uliweka tiki."

Ma Demetria alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Hakuna aliyemwona akija. "Theonest," alisema, "wewe ulizaliwa kwa mimba ya miezi minane, una kikohozi, rangi kama majivu. Marehemu babako hakuna aliyemwita dirishani kumuuliza swali hilo. Lakini angeitwa, sijui naye angejibu nini. Kunywa uji."

Akammiminia. Theonest alikunywa huku machozi yakimtoka, na kwa kuwa korido ile ilikuwa ya wazazi wa watoto njiti, hakuna aliyeshangaa.

* * *

Ni Auleria aliyeuona waraka. Ulikuwa umewekwa kwenye fremu nzuri ukutani, juu ya tangi la samaki, una nembo na muhuri wa ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima. Ulisema kwamba, katika hatua za kuelekea bima ya afya kwa wote, watoto wote watakaozaliwa na mama mwenye bima watahudumiwa kwa kadi ya mama huyo kwa siku thelathini za mwanzo. Aliusoma akiwa ameshika tumbo, halafu akausoma tena kwa sauti, kwa lafudhi ile anayotumia darasani kwenye imla.

"'Watoto wote,'" alimwambia Loveness. "Hakuna herufi A wala B hapa."

"Ni kweli, mwalimu. Ule ulibandikwa kwa ajili ya wakaguzi."

"Wakaguzi walisemaje?"

"Waliusifia. Walisema fremu ni nzuri."

Alimpigia Liwazo simu. Muziki ulipigwa dakika kumi na moja, ukikatizwa na sauti ya mwanamke iliyosema *Liwazo: ugua bila wasiwasi*. Hatimaye kijana mmoja alipokea, akasikiliza yote, akamwambia kwa upole kwamba suala lake linashughulikiwa. Alipiga kesho yake: linashughulikiwa. Keshokutwa: linaendelea kushughulikiwa. Aliandika barua pepe, akajibiwa na kompyuta kwamba maoni yake ni muhimu.

"Mnakataa au mnakubali?" aliuliza siku ya sita.

"Hatujakataa, madam. Sie hatukataagi mteja."

"Basi mnalipa."

"Linashughulikiwa."

Siku hiyo hiyo hospitali ilimpa Auleria ruhusa. Mama amepona, walisema, na kitanda cha mama aliyepona hakimo kwenye kifurushi. Angeweza kwenda nyumbani na kuja kunyonyesha kila baada ya saa tatu, toka Manzese hadi Kawe na kurudi, na mshono wake. Auleria alikataa kuondoka. Alihamia kwenye benchi la korido, na manesi, ambao mishahara yao haikutosha kuwafundisha ukatili wa kampuni, walijifanya hawamwoni. Kila asubuhi aliwafunga watoto wote wawili kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, kama walivyomfundisha, Kakuru kushoto na Kato kulia. Mhudumu wa zamu alipita na karatasi zake, akajaza upande mmoja bure na upande wa pili bei.

* * *

Theonest alitumwa kwenye ile ofisi ya serikali mjini. Alivaa shati la harusi. Alipokelewa na afisa kijana aliyeitwa Brightson, tai nyembamba, meza safi, nyuma yake bango la semina ya wadau wa bima ya afya iliyofanyika hotelini Bagamoyo.

"Karibu, kaka. Pole na hongera," Brightson alisema alipomaliza kusikiliza. "Kwanza nikutoe wasiwasi: haki ni yako. Waraka uko wazi. Mie mwenyewe nilishiriki kuuandika."

Theonest aliegemea kiti. "Asante sana, afisa. Sasa mnawaambia walipe?"

"Tutawaambia. Walikukatalia kwa maandishi?"

"Walinieleza dirishani."

"Dirisha ni la hospitali, siyo la kampuni."

"Na kwa simu."

"Kwa simu walikataa?"

Theonest alifikiri kwa uaminifu. "Walisema linashughulikiwa."

"Unaona sasa." Brightson aliweka kalamu chini, kwa masikitiko ya mtu anayeupenda utaratibu na anajua kwamba utaratibu haumpendi mtu. "Sheria inanipa mamlaka pale kampuni inapokataa dai. Hawa hawajakataa. Nikiwaandikia leo watanijibu kwamba mteja amewahi, wao bado wanatafakari. Na wanaruhusiwa kutafakari siku tisini."

"Waraka ni wa siku thelathini, afisa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo watamaliza kutafakari mtoto ana miezi mitatu."

"Tuliliona hilo," alisema Brightson. "Lilijadiliwa hata Bagamoyo. Likawekwa kwenye maazimio." Halafu, kama mtu aliyeona aibu ya jibu lake mwenyewe, aliinama mbele. "Kaka, nikwambie kama ndugu. Niletee barua ya kukataliwa. Mstari mmoja tu, una saini. Hawa jamaa hawaandikagi, na ndiyo maana siwapati."

Theonest alirudi Kawe akampa mkewe habari hiyo akiwa amesimama, kama mwanafunzi. Kwa siku kadhaa Auleria alikuwa akizungumza naye kwa maagizo tu: leta maji, shika huyu, kalipe ile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Rudia," alisema. "Hawaandiki?"

"Hawaandiki."

"Basi itabidi tuwape kitu ambacho hawataweza kuvumilia kutokijibu." Akasogea kidogo kwenye benchi. "Kaa. Nisomee kifurushi chote, neno kwa neno. Mimi mikono imejaa watoto."

Theonest akakaa. Alisoma kurasa kumi na sita, akikwama kwenye maneno marefu, naye akimsahihisha.

* * *

Mkuu wa madai wa Liwazo aliitwa Rogers. Alikuwa na vyeti vitatu ukutani na sifa moja kubwa kazini: hakuna aliyewahi kumshinda kwa hoja. Siku ya kumi na moja aliletewa mezani barua iliyoandikwa kwa mkono, mwandiko wa ubaoni, hakuna kosa hata la nukta. Kwa kawaida barua za wateja zilipewa jibu la kompyuta. Lakini hii ilianza kwa kumtaja yeye kwa jina, na kusema kwamba mwandishi, akiwa mwalimu wa Kiswahili, alikuwa amebaini kwamba Idara ya Madai haielewi lugha ya mkataba wake yenyewe.

*Mkataba unasema mtoto mmoja kwa kila uzazi,* Auleria aliandika. *Tangazo la kizazi la mwanangu wa kwanza linaonesha alizaliwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. La wa pili ni tangazo jingine, lenye namba nyingine, na linaonesha saa tatu na dakika kumi na nne. Ni watoto wawili, matangazo mawili, nyakati mbili: huo ni uzazi mara mbili. Kwa kila uzazi mlipie mtoto mmoja. Sidhani kama Idara yako ina mtu wa kulijibu hili.*

Rogers aliisoma akasimama. Aliagiza kahawa. Mwanasheria wa kampuni alimshauri aiache tu ishughulikiwe. Rogers alisema huyu mwalimu lazima afundishwe. Alikaa mchana kutwa, akaandika mwenyewe, akapiga muhuri mwenyewe, na jibu likafika benchini siku ya kumi na tatu kwa pikipiki.

*Tunakupongeza kwa kujifungua salama,* ilisema. *Kuhusu hoja yako kwamba ulijifungua mara mbili tofauti, kampuni inakubaliana nawe. Hata hivyo, kwa mujibu wa kipengele cha 9(c), mwanachama hastahili mafao ya uzazi mwingine kabla ya kupita miezi kumi na minane tangu uzazi uliotangulia. Kumbukumbu ulizowasilisha zinathibitisha kwamba uzazi wako wa pili ulitokea dakika nne tu baada ya ule wa kwanza. Kwa sababu hiyo dai lako la mtoto B limekataliwa rasmi. Tunakushauri siku zijazo uzingatie muda wa kusubiri.*

Auleria alicheka mpaka mshono ukamuuma, akalazimika kushikwa. Theonest alicheka kwa kumwona yeye anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile fomu. Ma Demetria alitaka atafsiriwe Kihaya, akatafsiriwa, naye hakucheka hata kidogo.

"Huyu Rogers," aliuliza, "ana mama?"

* * *

Brightson aliisoma barua mara mbili, akaenda kuwaita wenzake wa chumba cha pili, akawasomea. Walicheka wote. Kisha kicheko kikaisha, kila mmoja kwa wakati wake, maana mbele yao alisimama fundi seremala aliyevaa shati la harusi na hakuwa amecheka.

"Naomba nibaki na nakala, kaka," Brightson alisema.

"Baki na hiyo hiyo. Nakala ninazo kumi."

Kampuni ilipewa siku saba za kujieleza. Serikali haiwezi kumhukumu mtu bila kumsikiliza, na Liwazo ilitumia siku zote saba, ikajieleza siku ya mwisho jioni, kurasa ishirini na mbili.

Katikati ya siku hizo watoto walinenepa. Kato alitolewa mpira wa oksijeni, akaanza kunyonya kwa fujo, akafika kilo mbili kasoro kidogo. Siku ya ishirini daktari aliandika ruhusa ya wote. Kakuru karatasi zake zilipita dakika hiyo hiyo. Za Kato zilirudishwa. Bili yake ilikuwa imekwenda mbali sana na randa ya umeme, na utaratibu wa hospitali ulikuwa kwamba mgonjwa asiyelipiwa haondoki.

"Mchukue huyu wa bima uende naye nyumbani, mama," mhasibu alimshauri Auleria, akiamini anamsaidia. "Yule mwingine atakuwa salama hapa. Tunampa maziwa ya kopo."

"Na mkimpa maziwa mtaniandikia bili ya maziwa?"

Mhasibu alitazama kompyuta yake. "Na ya chumba."

"Basi kila siku mtakayomzuia anadaiwa zaidi, na kwa kuwa anadaiwa zaidi mnazidi kumzuia."

"Ni utaratibu, mama."

Auleria hakuenda. Ma Demetria alimchukua Kakuru, akashuka naye chini na kukaa mapokezi mbele ya tangi la samaki, kwenye sofa jeupe la wageni wenye kadi za Dhahabu. Kila aliyeingia alisimama kumsifia mtoto, na kila aliyemsifia alisimuliwa, kwa sauti ya mwanamke aliyezoea kuongea kutoka shamba moja hadi jingine, kwamba huyu ana pacha wake kafungwa juu. Anaitwa Kato. Ana siku ishirini. Anadaiwa. Mlinzi aliombwa amwondoe. Alimsogelea, akamwambia shikamoo, akaambiwa marahaba na kuulizwa kwao ni wapi, akarudi lindoni kwake. Siku ya pili wagonjwa wawili walibadili mawazo wakaenda hospitali nyingine. Siku ya tatu mkurugenzi mwenyewe alishuka, akasema kwa Kiingereza kwamba wote tunajali, na Ma Demetria, aliyesoma kwa masista, alimjibu kwa Kiingereza kwamba haoni.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tatu amri ya ofisi ya serikali ilitoka. Watoto wote ni watoto wote. Liwazo ilitakiwa ilipe bili yote ya Kato ndani ya saa arobaini na nane, na ililipa, ikiambatanisha barua kwamba inafanya hivyo kama ishara ya upendo kwa familia na bila kukubali wajibu wowote. Pesa ya Theonest aliyolipa mwanzoni ingerejeshwa baada ya siku sitini za kazi, mfumo ukiruhusu. Loveness aliyabandua mabandiko yote mawili kwenye makasha kwa kucha zake ndefu, akalia kidogo, akamwomba Auleria samahani. Auleria alimwambia asilie, bali siku nyingine ampe mzazi waraka kabla ya fomu.

Walitoka na teksi, Ma Demetria mbele, wazazi nyuma, kila mmoja na mtoto. Theonest alikuwa amepewa Kato. Alimshika kwa mikono miwili njia nzima, hakupokea simu, na walipofika Manzese shingo ilikuwa imemkakamaa.

"Atakuja kujua?" alimuuliza mkewe kabla hawajashuka.

"Ile fomu ninayo," Auleria alisema. "Sijaamua." Kisha akamwekea mkono begani, kwa kuwa alihitaji kushikilia kitu wakati wa kushuka, na hakuuondoa haraka.

* * *

Shule ilipofunguliwa Januari, mwalimu mkuu, Alfonsi, aliitisha kikao cha walimu. Mezani kulikuwa na vitafunio, jambo lililowatia wote wasiwasi. Alitangaza kwamba mkataba na Liwazo umehuishwa, na kwamba kampuni imewaletea kifurushi kilichoboreshwa kiitwacho Shaba Mpya. Miwani imeongezwa. Kung'oa jino kumeongezwa. Mafao ya uzazi yameondolewa.

"Yameondolewa kwa nini?" mtu aliuliza.

"Kwa maboresho," alisema Alfonsi. "Kampuni haikutaja jina la mtu. Na mimi sitaji." Baada ya kusema hivyo alimtazama Auleria, na kikao kizima kikamsaidia kumtazama.

Wakati wa chai hakuna aliyekaa meza yake. Clara, mwalimu wa hisabati, rafiki yake wa miaka sita, alipita na kikombe bila salamu. Alikuwa na mimba ya miezi mitano na gauni lilishaanza kusema. Auleria alimfuata hadi kwenye darasa tupu, akafunga mlango.

"Sema tu, Clara."

"Niseme nini?" Clara aligeuka, macho yamejaa. "Wako wamelipiwa. Wote wawili. Umeshinda, kila mtu kakusifu. Sasa wangu atalipiwa na nani? Mara ya kwanza nilifanyiwa upasuaji, na hii nimeshaambiwa ni upasuaji. Ungenyamaza, yule mmoja mngelipa kidogo kidogo, sie tungebaki na chetu."

Auleria alikuwa na majibu mengi, mazuri, ya haki na sheria, na hakuna hata moja lililofaa kumpa mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano.

"Sijui," alisema. "Sijui atalipiwa na nani. Lakini kuondoa mafao katikati ya mimba ya mtu ambaye tayari ni mwanachama, sidhani kama wanaruhusiwa. Yule kijana wa ofisi atajua. Tuandike."

"Mie sijui kuandika hayo mabarua yako ya kujibizana."

"Safari hii hakuna kujibizana. Barua ya Shaba Mpya ina saini ya Rogers, nimeiona kwa Alfonsi. Wewe utaeleza tu mimba ina muda gani na umekuwa mwanachama tangu lini."

"Na wakichukua siku tisini kutafakari?"

Auleria alihesabu kichwani, na Clara, mtu wa hisabati, alikuwa ameshafika kwenye jibu kabla yake: miezi minane. Nje kengele ya kipindi cha nne iligongwa na watoto wakaanza kukimbilia madarasani.

Clara alivuta kiti cha mwanafunzi, kidogo mno kwa hali yake, akakaa upande. Alichana karatasi katikati ya daftari la majaribio, akafuta machozi kwa kiganja, na kuandika tarehe.